Vikapu vya Papa Ismaël

Inspekta Chancelle Lituka alifungua mlango wa mahabusu akitarajia kumkuta mshukiwa wake amejikunyata pembeni, kama wanavyojikunyata wote baada ya kulala pale mara ya kwanza. Alimkuta amesimama wima, kipande cha mkaa mkononi, anachora ukutani. Na askari wa zamu, ambaye kazi yake ilikuwa kumkataza, alikuwa amemshikia bati la makaa.

Picha ilikuwa nzuri, hilo halikuwa na ubishi. Maporomoko ya Wagenya, miti mirefu iliyofungwa juu ya maji kwa kamba za msituni, vikapu vikubwa vya kunasia samaki vimening'inia, na mvuvi mmoja aliyesimama kwa mguu mmoja juu ya mti, unyayo wa mguu wa pili ukikuna shavu la mguu wa kwanza. Alikuwa amewapa mgongo watazamaji. Alionekana mtu asiye na haraka yoyote na dunia.

"Muzuri," Chancelle alisema. "Lakini sikukuja kununua tableau. Noël, nilikuuliza jana, nakuuliza tena lelo. Siku ya alhamisi ulikuwa wapi?"

"Ku kazi, Mama."

"Kazi gani?"

"Ya rangi."

"Ku mur ya nani? Ukuta gani?"

Noël aliutazama mkaa wake. "Ile ulishaka kuniuliza."

"Na weye hauyajibu."

"Sitajibu. Unisamehe, Mama."

Alisema hivyo kwa adabu kabisa, na hapo ndipo Chancelle alipochoka. Mshukiwa mkorofi ana dawa yake. Mshukiwa mwenye adabu anakupotezea siku nzima.

Kesi yenyewe haikuwa na mafumbo mengi. Alhamisi mchana, mtu alivunja kufuli la ghala la mfanyabiashara Vicky pale bandarini akaondoka na injini mpya ya mtumbwi, ile ambayo Vicky aliitegemea kwa biashara yake ya Isangi. Mlangoni aliacha alama ya kiganja cha rangi ya bluu. Noël, mchoraji wa kuta, mzaliwa wa Yanonge kwa wavuvi, ndiye aliyelichora ghala hilo mwezi uliopita, na waliachana kwa maneno kwa sababu Vicky alidai samaki aliyechorwa ana huzuni. Mlinzi wa ghala akaapa kuwa alimwona Noël akipita. Mchoraji, rangi, kinyongo: mkuu wa ofisi aliona faili imekamilika. Kesho asubuhi Noël angepelekwa kwa mwendesha mashtaka. Kutoka huko hadi gereza kuu ni hatua fupi. Kutoka gereza kuu hadi nyumbani ni safari ndefu. Nje ya geti, mkewe Émilie alikuwa ameketi juu ya tofali tangu alfajiri, sufuria ya wali mapajani, hamwulizi mtu kitu.

Chancelle alikuwa na tabia moja mbaya kazini: hakupenda faili zinazokamilika haraka. Akamwita Rashidi, mwenzake, ambaye ndiye aliyeendesha pikipiki ya ofisi.

"Tunaenda wapi, Yaya?" Rashidi aliuliza; alimwita hivyo siku zote, dada mkubwa.

"Kuangalia kuta."

"Kuta gani?"

"Zote," Chancelle alisema, akapanda nyuma.

*

Walianzia bandarini. Mlinzi, jina lake Baraka, aliwapokea kwa furaha nyingi kuliko zinavyohitaji habari za wizi.

"Chef, ule mutu namujua kabisa! Alipita hapa hivi, nilimuona."

"Uliona sura yake?"

"Sura hapana. Mugongo."

"Batu ngapi mu Kisangani iko na mugongo, Baraka?"

Rashidi alikohoa ili asicheke. Baraka alijipangusa viganja kwenye suruali, na harufu kali ya mafuta ya taa ikamfikia Chancelle puani. Hakuijali; mtu anayelala katikati ya mashine atanuka nini kingine? Aliinama akaiangalia alama ya mlangoni. Kiganja kizima, vidole vitano, bluu inayong'aa. Aliikwangua kwa ukucha. Haikutoka hata chembe.

"Bon," alisema. "Twende."

Basi wakaanza kuzunguka, na hapo Chancelle aligundua jambo lililomshangaza kidogo na kumwaibisha kidogo: alikuwa ameishi Kisangani zaidi ya nusu ya maisha yake bila kuutazama mji. Mtaa wa Makiso peke yake ulikuwa na picha za kutosha asubuhi nzima. Saluni za wanaume zilikuwa na vichwa vilivyonyolewa kwa mitindo ambayo hakuna kinyozi aliyewahi kuithubutu. Fundi cherehani mmoja alikuwa amechorwa akishona suti huku mteja ameshaivaa. Ukuta wa duka la dawa ulikuwa na mgonjwa anayekohoa, na kikohozi chenyewe kimechorwa, cha kijani, kinamtoka mdomoni na kufika hadi dirishani. Kwenye ukuta wa kiwanja kimoja mwenye nyumba alikuwa amekataza watu kukojoa pale, na kwa wasiojua kusoma akaongeza panga.

"Ile panga iko nafanya kazi kuliko siye," Rashidi alisema.

Chancelle alicheka, na alifurahi kucheka. Ilikuwa siku njema. Mvua ya majuzi ilikuwa imeosha vumbi, na kila rangi ilionekana imepakwa jana. Hilo ndilo lilikuwa tatizo. Kila ukuta ulionekana mpya.

Mtaa wa Mangobo walidhani wameupata ukuta wa alhamisi. Saluni ya wanawake, ukuta wenye wasichana watatu waliosukwa, na chini kabisa, kwa herufi ndogo, NOËL. Rangi ilikuwa bado inanuka.

"Ni yeye njo alichora?" Chancelle alimwuliza mwenye saluni.

"Ni yeye. Mutoto ya batu, anapunguza bei bila kuomba."

"Siku gani?"

"Siku ya pili." Mwanamke alihesabu kwa kitana. "Ee, siku ya pili, nilikuwa nasuka muke ya pasteur."

"Haiko alhamisi?"

"Alhamisi alipita hapa asubuhi mapema na boîte yake ya rangi. Nikamuita akule beignet. Akasema iko na haraka, anashuka ku Tshopo."

Jumanne haikumsaidia mtu. Lakini Tshopo ilikuwa upande mwingine kabisa, mbali na bandari. Chancelle aliliweka neno hilo kichwani.

Njiani kuelekea Tshopo walisimama mara mbili mbele ya kazi za Papa Ismaël, kwa sababu haiwezekani kupita mbele ya kazi za Papa Ismaël bila kusimama. Mzee huyu alitoka Kindu zamani akiwa kijana, na kwa miaka mingi amekuwa ndiye mchoraji wa mji. Anachora mto. Maji yake ukiyatazama unataka kukunja suruali. Watu wake wote wamekupa mgongo, kwa sababu yeye ni Mwislamu wa kweli na anasema nyuso amemwachia Mwenyezi Mungu. Na vikapu vyake vya Wagenya vimekosewa, vyote, tangu cha kwanza.

"Angalia hii bintu," Chancelle alisema. "Mai inatoka huku juu, inashuka kule. Samaki inakuja na mai. Alors kinywa ya kikapu inafaa itazame juu, ipokee. Yeye anaitazamisha chini. Samaki anaingia kupitia mukia?"

"Yaya, ule ni muzee ya kwetu. Muheshimu."

"Namuheshimu. Lakini mutoto ya Isangi kama miye akiona hii, tumbo inamuuma."

Mji mzima uliyajua makosa hayo na uliyapenda. Mtu asiyeweza kutunza fedha, Kisangani husema mfuko wake ni kikapu cha Papa Ismaël. Msichana anayebadilisha wachumba, vivyo hivyo. Mzee mwenyewe akitaniwa hujibu kwamba huko kwao Kindu samaki wana akili, huingia wenyewe.

*

Kibanda cha chakula cha Mama Larissa kilikuwa karibu na daraja la mto Tshopo. Ukuta wake wa pembeni, ule unaotazama njia, ulikuwa umechorwa upya kuanzia chini hadi juu.

Chancelle alishuka kwenye pikipiki akasimama. Ilikuwa kazi ya Papa Ismaël: maji yaleyale ya kukunja suruali, wavuvi waliogeuza mgongo, na jina lake pembeni. Alitazama kwa raha, kama mtu anayekunywa maji baridi. Kisha raha ikasimama kooni.

"Rashidi. Vikapu."

"Vikapu iko na nini?"

"Vimegeuka."

Vilikuwa vimegeuka. Vikapu vyote vilikuwa vimeelekeza vinywa juu, kule maji yanakotoka, sawasawa kabisa, hata kamba zimefungwa mahali mtoto wa mvuvi angezifunga.

Mama Larissa alikuwa ametoka, mwiko mkononi. "Unaona, mama? Batu yote banasema, à la fin Papa Ismaël amejifunza!"

"Alichora lini?"

"Alhamisi. Juma tano mvula ilipiga, ukuta ikalowana. Alhamisi asubuhi akafunga bâche yake, turubai, pande zote. Magaribi akamaliza. Ijumaa akatoka ku musikiti akakuja kuifungua, batu bakapiga mikono."

"Alikuwa na nani?"

"Peke yake. Papa Ismaël hapendi macho, hiyo kila mutu anajua. Akiingia ndani ya bâche, hakuna mutu anaingia. Unasikia sauti yake tu, anaimba kasida zake."

"Siku nzima anaimba?"

"Anaimba, anakohoa. Saa ingine alicheka peke yake, akacheka, akacheka, mpaka nikaogopa. Nikasema, muzee iko sawa kweli?" Mama Larissa alishusha sauti. "Lakini appétit anayo! Nilimupitishia sahani ya pondu na liboke chini ya bâche, ikarudi safi. Akaomba ya pili. Safi vilevile. Mutu muzee vile!"

"Mungu amubariki," Rashidi alisema kwa heshima.

Chancelle alikuwa amesogea hadi pua yake ikakaribia ukuta. Alipitisha kidole kwenye bluu ya maji, na kidole kikatoka na unga kidogo wa bluu. Alilisoma jina: ISMAËL, na kila herufi ilikuwa imetetemeka, kama iliyoandikwa ndani ya gari linalokwenda. Kisha akatazama mistari ya vikapu. Ilikuwa imenyooka. Mkono ulioandika jina lile haukuwa mkono uliochora vikapu vile.

Akarudi nyuma hatua chache, akawatafuta wavuvi mmoja mmoja. Alimpata kwenye kona ya juu, karibu na paa. Amesimama juu ya mti kwa mguu mmoja, amegeuza mgongo, na unyayo wa mguu wa pili unakuna shavu la mguu wa kwanza.

Akazunguka nyuma ya kibanda. Kulikuwa na njia nyembamba iliyoshuka hadi mtoni, kati ya majani, mahali ambapo mtu angeweza kupanda na kuingia chini ya turubai bila Mama Larissa kumwona.

"Rashidi, washa pikipiki."

"Hatukuli? Inanuka muzuri, Yaya."

"Tutakula tukimaliza."

*

Noël alikuwa bado anachora. Askari wa zamu sasa alikuwa ameingizwa kwenye picha, bunduki begani, na alikuwa amekaa kimya sana ili asiharibu.

Chancelle alisubiri askari atoke, kisha akaketi kwenye benchi.

"Pondu ya Mama Larissa iko namna gani?"

Mkaa ulisimama.

"Ulikula sahani ya kwanza ao ya pili?"

Noël aligeuka polepole. Aliutazama uso wa Inspekta, akaona hakuna mlango uliobaki wazi, akaketi sakafuni.

"Ya pili," alisema. "Ya kwanza alikula Papa."

"Mvuvi wako anajikuna muguu yake hapa, anajikuna ku Tshopo. Ni nani?"

"Baba yangu. Alisimamaka vile siku zote. Mbu ya mto." Alitabasamu kidogo, kisha tabasamu likaondoka. "Mama, usiandike. Nakuomba."

"Niandike nini sasa? Ulikuwa chini ya bâche siku nzima. Injini iliibiwa mchana. Weye ni muzima, weye ni safi, na kesho unaenda gereza juu hautaki kusema?"

"Mikono yake inatetemeka, Mama. Tangu mwaka jana. Hawezi kushika hata kijiko muzuri. Batu hawajui. Anakaa ku kiti, anaimba, miye nachora. Anaandika jina yake mwenyewe, hiyo tu anakataa nimusaidie. Nilitoka Yanonge bila kitu. Ni yeye njo alinipa kulala, akanipa brosse. Nikisema nilikuwa pale, Vicky atajua. Vicky akijua, soko yote inajua mbele ya jua kuzama. Watasema Papa Ismaël alikuwa anadanganya batu."

"Na gereza?"

"Gereza mutu anatokaka. Jina ikianguka, nani anaiokota?"

Chancelle alimkasirikia. Alimkasirikia kwa dhati, kama dada mkubwa, na alikuwa tayari kumwambia maneno ya dada mkubwa. Kisha hasira ikamwishia ghafla na akabaki na huruma, ambayo kazini haisaidii kitu.

"Jambo moja," alisema. "Kama ulitaka kumuficha, juu ya nini uligeuza vikapu?"

Noël alijifunika uso kwa viganja vyeusi vya mkaa. "Nilijaribu, Mama! Aliniambia, chora kama vyangu. Nikaanza kimoja, mukono ikakataa. Nikamuambia, Papa, samaki itaponyoka. Akacheka mpaka akakohoa. Akasema, acha basi, chora vile unaweza."

*

Papa Ismaël aliishi Kabondo, kwenye nyumba ambayo ukuta wake pekee usiochorwa ulikuwa ule wa kibla. Alikuwa mzee mwembamba, kofia nyeupe, mikono ndani ya mikunjo ya kanzu. Alimkaribisha Chancelle kwa tabasamu, akamwagiza mtu alete kahawa. Kahawa ilipokuja hakuigusa yake.

"Papa, Noël iko wapi?"

"Yanonge. Muke yake alikuja kuniaga, alisema kuko matanga kwao." Mzee alikunja uso. "Kuko shida?"

Chancelle alikuwa amekuja na maneno yaliyopangwa vizuri, ya kuzunguka. Aliyaacha.

"Hakuna matanga, Papa. Noël iko ku cachot yetu, amefungwa, tangu jana. Banasema aliiba injini ku bandari siku ya alhamisi. Kesho asubuhi tunamupeleka. Nikamuuliza alikuwa wapi, amekataa kusema. Nataka kuandika, anakataa."

Kahawa ilipoa. Nje mtu aliita wateja wa mkate. Papa Ismaël alitoa mikono yake kutoka kwenye kanzu akaiweka juu ya meza, mbele ya Inspekta, na ikatetemeka pale juu ya mbao, ikigonga kikombe. Hakuirudisha.

"Amekataa juu ya hii," alisema.

"Ndiyo, Papa."

"Mupumbavu." Macho yake yalikuwa yamejaa. "Mutoto mupumbavu sana. Namupenda." Akageukia ndani ya nyumba. "Muniletee viatu!"

*

Saa ile ofisini Vicky alikuwepo, amekuja kuuliza kama faili yake imeondoka. Alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti ya kuvuka mto bila mtumbwi. Alipomwona Papa Ismaël akiingia ameshikwa mkono na Rashidi, alisimama, kwa sababu kila mtu husimama.

"Papa! Umekuja kufanya nini hapa?"

"Kusema ukweli, mama. Keti."

Mzee alikataa kiti. Alisimama katikati ya chumba, mbele ya mkuu wa ofisi, Vicky na waandishi wawili wa zamu, akanyoosha mikono yote miwili mbele yake ili kila mtu aione.

"Muangalie. Hii mikono haichori tena. Mur ya Mama Larissa, mur ya dispensaire, mur ya maduka ku Kabondo, yote ya mwaka huu, ni Noël njo alichora. Miye niliketi ku kiti nikaimba. Alhamisi, asubuhi mpaka magaribi, alikuwa mbele ya macho yangu. Naapa. Andikeni."

Chancelle aliandika. Aliona aibu kuandika na aliandika vizuri, kila neno.

Wa kwanza kufungua mdomo alikuwa Vicky, na Chancelle alijiandaa kwa mabaya.

"Mur ya dispensaire ni Noël?" Vicky aliuliza. "Ile na samaki ya kucheka?"

"Ni yeye."

"Alors juu ya nini yangu alinichorea yenye kulia!"

Rashidi ndiye aliyeanza kucheka, na mkuu wa ofisi akamfuata. Hata mzee alitabasamu huku akijipangusa macho kwa mkono wa kanzu.

"Lakini, Mama Inspecteur," Vicky alisema, amerudi kwenye msiba wake, "rangi ku mulango yangu ilitoka wapi? Mutu aliacha mukono pale."

"Rangi gani?" Papa Ismaël aliuliza.

"Bluu," Chancelle alisema. "Inang'aa. Ukucha haiitoi."

"Basi ni rangi ya mafuta. Siye ya ku mur hatuitumii, ni ya milango na mitumbwi. Yetu unanawa na sabuni, imekwisha. Ile ya mafuta hata unawe siku tatu, iko pale. Inaomba pétrole, mafuta ya taa."

Chancelle aliweka kalamu chini. Mitumbwi. Na mafuta ya taa. Injini za Vicky zilikunywa petroli. Pale ghalani hapakuwa na taa hata moja ya mafuta, palikuwa na balbu. Mikono iliyonuka mafuta ya taa asubuhi ile ilikuwa imetoka kusuguliwa kwa sababu.

"Rashidi," alisema, "Baraka ule iko na mutumbwi?"

"Shemeji yake njo iko nao. Ku beach ya chini."

"Rangi gani?"

Rashidi alikuwa tayari mlangoni.

Haikuchukua muda. Mtumbwi ulikuwa umepakwa bluu upya hadi kwenye ukingo, na chini ya turubai, imefungwa kwa kanga kama mtoto mgonjwa, ilikuwepo injini ya Vicky. Baraka alijaribu kusema kuwa alimwona mtu akiiweka pale. Alipoulizwa sura ya mtu huyo, alisema hakuona, aliona mgongo tu. Rashidi alimshika kola.

*

Siku iliyofuata, saa za chakula cha mchana, njia ya karibu na daraja ilijaa watu. Habari ilikuwa imeshafika soko lote kama Noël alivyoogopa, na soko lilikuwa limekuja kuona. Chancelle alikuja pia, na alijiambia amekuja kula.

Watu walikuwa wameshasema waliyotaka kusema. Wengine walisema mzee alidanganya. Wengi walisema mzee amepata mtoto, na huo ndio usemi ulioshinda, hasa baada ya Vicky kuupokea na kuutangaza kwa sauti yake. Alikuwa ameshaagiza samaki wake aondolewe huzuni.

Papa Ismaël alisimama mbele ya ukuta wa Mama Larissa. Hapakuwa na turubai. Alimkabidhi Noël brashi nyembamba.

"Andika."

"Papa, acha tu."

"Andika, nasema. Jina yako. Chini ya yangu, kama mutoto anaandikwa chini ya baba."

Noël aliandika. Aliandika kwa herufi ndogo, na watu wakapiga kelele aongeze, akaongeza. Émilie alikuwa amesimama karibu na Chancelle, na alilia bila kujificha.

"Sasa niletee kopo," mzee alisema.

Alichukua brashi nene zaidi. Mkono ulitetemeka, na matone yakamwangukia kwenye kanzu. Akaushika mkono wa kulia kwa wa kushoto, akautuliza juu ya ukuta kama anayemtuliza mnyama, akaanza. Ilichukua muda mrefu na hakuna aliyeondoka. Mama Larissa alitoka na sahani mbili za pondu, akazishikilia zipoe, hakutaka kukatiza. Mstari ulikwenda upande, ukarudi, ukakutana na mwenzake. Kwenye kona ya chini, kikatokea kikapu kimoja, kibovu, chenye mbavu zilizopinda, na kinywa chake kimeelekea chini, kule maji yanakokwenda.

"Papa!" Rashidi alipaza sauti kutoka nyuma. "Samaki itaponyoka!"

Kicheko kilichofuata kilisikika hadi ng'ambo ya pili. Mzee alicheka kuliko wote, mpaka akakohoa, na Noël akawahi kumshika na kumketisha kwenye kiti cha Mama Larissa.

"Rekebisha kama unataka," Papa Ismaël alimwambia, akihema, akimpa brashi. "Mukono yako haitakubali, najua."

Noël aliichukua. Alikitazama kile kikapu kwa muda, akauinamia ukuta, na Chancelle aliona mkono wake ukiinuka. Kisha akautumbukiza kwenye ndoo ya maji, akaiosha brashi vizuri, akaenda kula.